Kuongeza fanksheni mpya ya hisabati kwenye maktaba sanifu ya Python

Fomula ya fanksheni ya hisabati huandikwa kwa mstari mmoja. Kinachokula muda ni maswali ambayo fomula haiyajibu. Ikipewa infiniti irudishe nini? Ikipewa namba ndogo kupindukia, jibu litabaki na tarakimu ngapi sahihi? Je, Linux, Windows na macOS zitakubaliana? Fanksheni ikishaingia kwenye maktaba sanifu haitoki kirahisi, na kosa dogo la ukingoni hugeuka kuwa tabia ambayo programu za watu zinaitegemea. Ndiyo maana maswali haya hujibiwa kabla ya msimbo kuandikwa.

Tutafuata fanksheni moja tangu wazo hadi ombi la kuunganisha (pull request), ndani ya CPython, yaani Python iliyoandikwa kwa C ambayo ndiyo wengi wanayoitumia. Mfano wetu ni `log1pexp(x)`, inayokokotoa logi asilia ya 1 + eˣ. Haimo kwenye moduli ya `math`. Tumeichagua kwa sababu kwa macho ni nyepesi, lakini mitego karibu yote ya kazi hii imo ndani yake.

Je, inastahili kuingia?

Swali la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini watu wasijiandikie wenyewe. Kusema tu kwamba inatumika sana hakutoshi. Hoja yenye uzito ni kwamba wanaojiandikia huikosea, na kosa lenyewe halionekani. Kwa `cbrt`, fanksheni ya kipeuo cha tatu, hoja hiyo ilikuwa wazi: `64 ** (1/3)` hutoa 3.9999999999999996 kwa kuwa theluthi moja haiandikiki kamili kwa biti, na `(-8) ** (1/3)` hutoa namba changamano badala ya -2. Isitoshe, `cbrt` tayari imo kwenye C99, kiwango cha lugha ya C, kwa hiyo Python ilihitaji kuifungulia mlango tu. Iliingia toleo la 3.11 pamoja na `exp2`.

Kwa `log1pexp`, andaa ushahidi wa aina hiyo hiyo:

```python
>>> import math
>>> def rahisi(x):
...     return math.log(1 + math.exp(x))
...
>>> rahisi(710)
OverflowError: math range error
>>> rahisi(-40)
0.0
```

Majibu sahihi ni 710.0 na 4.248354255291589e-18. Kosa la kwanza linatokana na `exp` kufurika: ikipita kidogo 709.78, jibu lake huzidi 1.7976931348623157e308, namba kubwa kuliko zote ambazo double (aina ya desimali ya biti 64, ambayo Python huiita float) inaweza kuibeba. Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu liko kimya. Usahihi wa double ni biti 53, na jirani na 1 pengo kati ya namba moja na inayofuata ni takriban 2.2e-16. Ukiongeza 4e-18 kwenye 1, unapata 1 ile ile, na logi yake ni sifuri. Wala usahihi haupotei ghafla. Kwenye x = -20 fomula hiyo hubaki na tarakimu kama 7 tu zilizo sahihi kati ya zile 16 unazoziona, na hakuna onyo lolote.

Ukishaupata ushahidi huo, uweke kwenye jukwaa la mawazo la discuss.python.org, halafu fungua suala kwenye GitHub ya CPython ili upate namba. Fanksheni moja kwa kawaida haihitaji PEP, yaani pendekezo rasmi la kubadilisha Python. `isclose` ya 3.5 iliihitaji, PEP 485, kwa sababu njia za kupima ukaribu wa namba mbili ni nyingi na ilibidi moja ichaguliwe. Tarajia pia mjadala wa jina. Wanaofundisha mashine huiita fanksheni yetu softplus, lakini `log1pexp` inakaa vizuri kando ya `log1p` (logi ya 1 + x) na `expm1` (eˣ - 1), na mtu anayezifahamu hizo mbili ataikisia kazi yake bila kusoma nyaraka.

Angalia kalenda pia. Kipengele kipya huingia kwenye tawi la `main` peke yake, na mlango hufungwa beta ya kwanza inapotoka, kwa kawaida mwezi Mei. Toleo lenyewe hutoka Oktoba. Ukichelewa, utangoja mwaka mwingine. Hakuna kurudishwa kwenye matoleo ya zamani, hata fanksheni iwe ndogo kiasi gani.

Jedwali la ukingoni

Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayookoa muda mwingi. Kabla ya kuandika C, andika jedwali la ingizo zote za ajabu pamoja na jibu unaloahidi (NaN ni thamani maalumu yenye maana ya "si namba"):

| x | log1pexp(x) |
|---|---|
| NaN | NaN, bila kosa |
| +infiniti | +infiniti |
| -infiniti | 0.0 |
| 0.0 na -0.0 | 0.6931471805599453 |
| 1.7976931348623157e308 | x yenyewe |
| -745 | 5e-324 |
| -746 | 0.0, bila kosa |

Usibuni kanuni zako. Moduli ya `math` hufuata, kadiri inavyowezekana, Kiambatisho F cha kiwango cha C99, na kuzitafsiri ishara zake hivi: operesheni batili na kugawanya kwa sifuri huwa `ValueError`, kufurika huwa `OverflowError`, jibu likizama hadi sifuri kwa udogo, au likikadiriwa tu, hakuna kosa. NaN ikiingia, NaN hutoka kimya kimya. Infiniti ikiingia na jibu lenye maana likawa infiniti, kama `math.exp(math.inf)`, hilo nalo si kosa, kwa sababu hakuna kilichofurika. Lakini `math.sin(math.inf)` haina jibu, kwa hiyo hutoa `ValueError`. Waliozoea NumPy hushangaa hapa, maana kule `log(0)` hurudisha infiniti hasi pamoja na onyo tu. Fanksheni mpya ya `math` ifuate jirani zake wa `math`.

Alama ya sifuri nayo iamuliwe. Kwa `log1pexp` ni rahisi, kwa kuwa jibu haliwi hasi kamwe. Kwa fanksheni witiri, yaani zenye f(-x) = -f(x), kama `cbrt` au `asinh`, -0.0 ikiingia lazima -0.0 itoke.

Msimbo wenyewe

Pakua na ujenge:

```
git clone https://github.com/python/cpython
cd cpython
git switch -c log1pexp
./configure --with-pydebug
make -j4
./python -m test test_math
```

Kwenye macOS faili inayotokea huitwa `python.exe`, na kwenye Windows tumia `PCbuild\build.bat -d`. Usiache `--with-pydebug`: inawasha ukaguzi wa ndani ambao huzikamata hitilafu mapema. Hakikisha `test_math` inapita kabla hujagusa kitu, ili baadaye ujue ni kipi umekivunja wewe.

Fungua `Modules/mathmodule.c`. Siri ya kukokotoa vizuri ni kutoruhusu `exp` ipewe namba chanya kubwa. Kwa x chanya, toa eˣ nje ya mabano: ln(1 + eˣ) = x + ln(1 + e⁻ˣ). Na popote palipo na logi ya 1 jumlisha kitu kidogo, tumia `log1p`, ambayo haifanyi ile jumlisho inayofuta tarakimu:

```c
static double
m_log1pexp(double x)
{
    if (x > 0.0) {
        double r = x + log1p(exp(-x));
        errno = 0;
        return r;
    }
    return log1p(exp(x));
}
```

Pitia jedwali lako mstari kwa mstari kwa kidole. Infiniti chanya: `exp(-inf)` ni 0, `log1p(0)` ni 0, jumla ni infiniti. Infiniti hasi: `log1p(0)`, yaani 0.0. NaN: kuuliza kama NaN ni kubwa au ndogo kuliko namba yoyote hujibiwa uongo, kwa hiyo inaangukia mstari wa mwisho na kutoka ikiwa NaN. Hapa hata tawi lile lingine lingetoa NaN. Katika fanksheni nyingine, mtu akigeuza `x > 0.0` kuwa `!(x <= 0.0)` akidhani ni kitu kimoja, NaN itafuata njia nyingine kabisa.

Halafu iunganishe na Python kwa makro iliyopo:

```c
FUNC1(log1pexp, m_log1pexp, 0,
      "log1pexp($module, x, /)\n--\n\n"
      "Return the natural logarithm of 1 + exp(x).")
```

Na kwenye jedwali la `math_methods`, karibu na `log1p`:

```c
{"log1pexp", math_log1pexp, METH_O, math_log1pexp_doc},
```

Ile 0 inastahili kufikiriwa. Inasema kwamba fanksheni hii haiwezi kufurika ikipewa namba ya kawaida. Chini ya `FUNC1`, jibu likiwa infiniti ilhali ingizo halikuwa infiniti, 1 ingeleta `OverflowError`, na 0 huleta `ValueError`. Fanksheni yetu haifiki huko, kwa hiyo 0 ni sahihi. Ukiweka 1 pasipohitajika hakuna kitakachovunjika leo, ila unamdanganya atakayesoma kesho.

Kuna pia `FUNC1A`, inayotazama `errno`, kigeu ambamo maktaba ya C huandika aina ya kosa, badala ya jibu. Hiyo ni ya fanksheni ambazo CPython yenyewe imeziandika na zinaweka `errno` kwa uangalifu, kama `gamma`. Usiitumie hapa. `exp(-746)` inaweza kuacha `ERANGE` (jibu nje ya masafa) ndani ya `errno` kwenye mfumo mmoja na isiiache kwenye mwingine. `FUNC1` nayo huitupia `errno` jicho mwishoni, na jibu likiwa kubwa ingeleta `OverflowError`; ndiyo maana tawi la x chanya huirudisha `errno` kuwa 0.

Fanksheni yenye ingizo mbili za desimali hutumia `FUNC2`. Ikiwa na ingizo za hiari au zenye majina, tumia Argument Clinic, zana ya CPython inayoandika msimbo wa kupokea ingizo, kisha endesha `make clinic` ili faili ya `Modules/clinic/mathmodule.c.h` ijiandike upya. Faili hiyo haihaririwi kwa mkono.

Majaribio, na marejeo yanayodanganya

Majaribio yako sehemu mbili. `Lib/test/test_math.py` ina majaribio ya kawaida, na `Lib/test/mathdata/math_testcases.txt` ina orodha ya ingizo na majibu, moja kwa kila mstari, ambapo mistari inayoanza na vistari viwili ni maelezo:

```
log1pexp0000 log1pexp 0.0 -> 0.6931471805599453
log1pexp0001 log1pexp inf -> inf
log1pexp0002 log1pexp -inf -> 0.0
log1pexp0003 log1pexp nan -> nan
log1pexp0010 log1pexp -40.0 -> 4.248354255291589e-18
log1pexp0011 log1pexp 710.0 -> 710.0
log1pexp0012 log1pexp -746.0 -> 0.0
```

Jaza thamani 30 hivi: ukingoni, pande zote mbili za sifuri, na kila mahali tawi la msimbo linapobadilika. Majibu ya marejeo usiyatoe kwenye fanksheni yako mwenyewe. Hapo utakuwa unathibitisha tu kwamba inajirudia. Yatoe kwenye mpmath, maktaba ya Python inayokokotoa kwa tarakimu nyingi kadiri utakavyo:

```python
from mpmath import mp, mpf, log, exp
mp.dps = 400
for x in (-745.0, -40.0, -20.0, -0.1, 0.1, 36.7):
    print(x, float(log(1 + exp(mpf(x)))))
```

Kwa nini tarakimu 400? Watu wengi huweka 50 na kuona zinatosha. Lakini mpmath nayo inajumlisha 1 na eˣ, na mtego ni ule ule, umesogezwa mbali tu. Kwa tarakimu 50, x ikishuka chini ya takriban -76 majibu huanza kupungukiwa na zile tarakimu 17 unazozihitaji, na ikifika -120 yamekuwa sifuri. Fanksheni yako itakuwa sahihi na jaribio litasema imekosea. Kwa -745 unahitaji zaidi ya tarakimu 340, ndiyo maana ya 400.

Mtego wa pili: andika `mpf(x)` ambapo x ni float, usiandike `mpf('-700.1')`. Maandishi hayo ni -700.1 kamili, ilhali double iliyo karibu nayo imekadiriwa, na hitilafu yake inaweza kufikia 5.7e-14. Kwenye eneo hilo jibu letu ni eˣ tu, kwa hiyo hitilafu hiyo yote inaingia kwenye jibu kwa uwiano, na jibu la marejeo linaweza kupotoka kwa ulp zaidi ya 200. Ulp moja ni pengo kati ya namba moja ya double na jirani yake, na ndicho kipimo cha usahihi katika kazi hii.

Kwenye `test_math.py`, tumia `ftest`, ambayo huvumilia ulp 5 isipoambiwa vinginevyo:

```python
def test_log1pexp(self):
    self.assertRaises(TypeError, math.log1pexp)
    self.assertRaises(TypeError, math.log1pexp, '1')
    self.assertRaises(OverflowError, math.log1pexp, 10**400)
    self.ftest('log1pexp(-40)', math.log1pexp(-40),
               4.248354255291589e-18)
    self.assertEqual(math.log1pexp(INF), INF)
    self.assertTrue(math.isnan(math.log1pexp(NAN)))
```

Kaa mbali kabisa na `assertAlmostEqual`. Yenyewe hukadiria tofauti hadi nafasi 7 za desimali, kwa hiyo fomula mbovu inayorudisha 0.0 badala ya 4.2e-18 itapita bila neno. Na `assertEqual(0.0, -0.0)` hupita pia, alama ya sifuri ipimwe kwa `math.copysign(1.0, jibu)`.

Jaribio la `10**400` linahitaji uamuzi wako. Namba kamili kubwa hivyo haibadiliki kuwa double, na kosa hutokea kabla fanksheni yako haijaitwa. `math.log` ina njia maalumu ya kuzihudumia namba hizo, lakini fanksheni nyingi za jirani hazina, na kwa `log1pexp` haihitajiki.

Jaribio likishapita, lijaribu lenyewe. Badilisha C kwa muda kuwa `log(1.0 + exp(x))`, jenga upya, uone majaribio yanaanguka. Yasipoanguka, hayapimi kitu. Rudisha msimbo sahihi, kisha endesha `./python -m test -R 3:3 test_math` kutafuta marejeo ya kumbukumbu yanayovuja. Kwa makro ya `FUNC1` hayatarajiwi. Ukiwa umeandika C ya mkono inayoshika `PyObject`, ni hatua ya lazima.

Kompyuta isiyo yako

Msimbo wako unaegemea `exp` na `log1p` za maktaba ya C ya mfumo husika, na hizo hazifanani. glibc, musl, ya Microsoft na ya Apple hutofautiana kwenye biti za mwisho. Kwa hiyo usidai jibu lilingane biti kwa biti, isipokuwa pale ambapo hisabati inalazimisha, kama infiniti au 710.0. Wakati mwingine tofauti ni kubwa hadi CPython inaandika yake: `gamma` na `lgamma` zimo ndani ya `mathmodule.c` kwa sababu ubora wa zile za mifumo ulikuwa na matatizo. Nayo `fma`, iliyoingia 3.13, ina jaribio la alama ya sifuri linalorukwa kwenye baadhi ya majukwaa kwa kuwa maktaba zao za C zinaikosea. Likianguka jaribio kwenye mfumo mmoja tu, kwanza jua ni fanksheni ipi ya C iliyokosea. Kupanua uvumilivu hadi ulp 1000 ili rangi igeuke kijani ni kuficha hitilafu.

Nyaraka na ombi

Kwenye `Doc/library/math.rst` ongeza fanksheni kwenye jedwali la juu na maelezo yake chini:

```
.. function:: log1pexp(x)

   Return the natural logarithm of ``1 + exp(x)``, computed without
   overflow for large *x* and without loss of accuracy for large
   negative *x*.

   .. versionadded:: next
```

Neno `next` hubadilishwa kuwa namba ya toleo wakati wa kutoa, kwa hiyo usiandike namba mwenyewe. Ongeza mstari kwenye faili ya toleo lijalo ndani ya `Doc/whatsnew`, tengeneza habari fupi ya mabadiliko kwa zana ya `blurb add`, na ujenge nyaraka kwa `make -C Doc html` uone hazina kosa.

Kichwa cha ombi kianze na namba ya suala, kwa mfano `gh-NNNNN: Add math.log1pexp()`. Mara ya kwanza utaombwa kusaini mkataba wa wachangiaji. Wakaguzi wakiomba mabadiliko, ongeza komiti mpya juu ya zilizopo, usiandike upya historia kwa kusukuma kwa nguvu: maoni yao hupoteza mahali pake, na komiti zote zitaunganishwa kuwa moja mwishoni kwa vyovyote.

Baada ya kuunganishwa, mashine za ujenzi huendelea kujaribu mabadiliko yako kwenye mifumo ambayo ukaguzi wa GitHub haukuigusa. Zitazame siku hiyo hiyo, kwa sababu kosa lisiporekebishwa ndani ya siku moja mabadiliko yanaweza kuondolewa hadi litakapotatuliwa. Kisha peleka saini ya fanksheni kwenye faili ya `math` ya typeshed, hazina ya aina za maktaba sanifu, la sivyo mypy, kikaguzi cha aina, itawaambia watumiaji kwamba `math.log1pexp` haipo.